Sikio limetangulia, mkono unakuja nyuma

Mlioshindwa kufika siku nilipoongea na watu wazima kuhusu kuanza kujifunza muziki ukubwani, mlinipigia sana mkitaka kujua nilisema nini, haya hii hapa yote. Nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni, zile picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za leo. Na nyie vijana mliowasindikiza wazazi wenu mkakaa hapo nyuma na simu zenu, karibuni sana, ila leo sitaongea na nyie, leo naongea na hao mliowaleta.

Nianze na swali. Nani humu ndani ameshawahi kuambiwa "umechelewa"? Nyoosheni mikono nione. Naam. Naam. Mama pale umenyoosha yote miwili, pole sana mama. Haya, na nani amejiambia mwenyewe, hajaambiwa na mtu, amekaa tu na moyo wake akasema mimi nimechelewa? Si mnaona, mikono imeongezeka.

Mimi niliambiwa na mwalimu. Nilikwenda kwake nikiwa nimeshavuka arobaini nataka kujifunza gita, akaniangalia vidole, akaniangalia usoni, akasema umechelewa, lete mtoto wako. Sikumpeleka mtoto, nilitafuta mwalimu mwingine. Leo nafundisha watu wazima, wengine wameshastaafu, wengine ni bibi na babu za watu, na kila anayekuja kwa mara ya kwanza anakuja na neno lile lile. Umechelewa.

Watu wanaosema hivyo wana methali yao ya kuegemea, samaki mkunje angali mbichi. Na mimi siipingi methali, kwa malezi ya mtoto na tabia zake ni kweli kabisa. Ila mtu akiichukua akaibandika kwenye gita, kwenye kinanda, kwenye tarumbeta, kwamba ukishafika umri fulani wewe ni samaki mkavu ukikunjwa unavunjika, hapo nakataa, na nakataa nikiwa na sababu, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Tuwape watoto haki yao kwanza. Kuna vitu wanatuzidi kweli. Mmeshawaona wale watu ambao ukibonyeza noti moja kwenye kinanda, wao wamegeuka wanaangalia kwingine, wanakwambia hiyo ni fulani? Karibu wote wenye uwezo huo walianza muziki wadogo sana, kabla ya miaka 6 au 7 hivi, mtu mzima kuupata ni nadra mno. Na mwaka 1995 mtafiti Thomas Elbert na wenzake walipima ubongo wa wapigaji wa ala za nyuzi, wakakuta ile sehemu inayopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto imetanuka kuliko kwa watu wasiopiga, na walioanza utotoni ndio iliyotanuka zaidi. Hiyo ipo, siwafichi.

Lakini hebu niulize, ule uwezo wa kutaja noti bila kuangalia, wewe unaupeleka wapi? Wanamuziki wazuri walio wengi hawana huo uwezo na maisha yao ya muziki yanakwenda. Wanachotumia ni kusikia noti hii na ile zimeachana kiasi gani, hii imepanda kidogo, hii imeruka mbali, hii imerudi nyumbani, na hicho kitu mtu wa miaka sitini anajifunza.

Na huo ubongo tunaoambiwa umeshaganda, umeganda wapi? London kuna madereva wa teksi ambao kabla ya kupewa leseni wanatakiwa kukariri mtaa kwa mtaa, barabara kama 25,000, bila ramani, inawachukua miaka. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake wakaonyesha kwamba hawa madereva wana sehemu ya ubongo inayohusika na kukumbuka njia ambayo nyuma yake imekua kuliko ya watu wengine. Watu wakasema aah, labda walizaliwa hivyo. Sawa, ikaja kazi nyingine mwaka 2011, safari hii wakawapima watu kabla hawajaanza kusomea na wakawapima tena baada ya miaka, na waliofaulu ndio ubongo wao ulikuwa umebadilika. Hao ni watu wazima jamani, wana familia zao, wana madeni yao, na ubongo umekua kwa kujifunza tu. Ulikua kwa sababu waliutumia kila siku kwa kitu kigumu. Basi mtu asikwambie ubongo wako umekwisha.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu, mengine yote yanalizunguka hili.

Kwa nini watu wazima wanaacha? Maana wanaanza wengi, gita zinanunuliwa, vinanda vinanunuliwa, miezi miwili baadaye vimefunikwa nguo kwenye kona. Kwa nini? Ukiwauliza watakwambia muda. Watakwambia vidole. Watakwambia kichwa hakishiki. Mimi nimekaa na hawa watu miaka, nawaambia ni sikio.

Mtoto wa miaka saba akipiga wimbo wake wa kwanza, akakosea kosea, anafurahi, anaita watu waje wasikie. Anasikia alichopiga, kwake ni muziki. Wewe una miaka hamsini. Miaka hamsini umesikiliza muziki, redioni, harusini, kanisani, kaswidani, kwenye magari, umewasikiliza magwiji na unajua kabisa kitu kizuri kinasikikaje. Sikio lako lina miaka hamsini, mkono wako kwenye gita una wiki moja. Kwa hiyo unapiga, na kabla mtu mwingine hajasema lolote sikio lako mwenyewe limeshakuhukumu. Mbaya. Rudia. Mbaya. Rudia. Mbaya, acha.

Mnanielewa? Yule mtoto hana kipaji zaidi yako. Yule mtoto sikio lake na mkono wake vina umri mmoja, vinakua pamoja, wala hajui kama anapiga vibaya. Wewe sikio limetangulia mbali sana na mkono uko nyuma unatambaa, na ule mwanya wa katikati ndio unaouma. Unauma kweli, kuna watu nimewaona wanalia.

Sasa mtu akinielewa hapo, kila kitu kinageuka. Kwa sababu kumbe lile linalokuumiza ndiyo mali uliyonayo! Mimi nikimfundisha mtoto natumia muda mrefu kumfanya asikie kwamba wimbo umebadilika, kodi imebadilika, kodi ni zile noti kadhaa unazopiga kwa pamoja. Nikimfundisha mama wa miaka sitini simfundishi hilo, analijua zamani, nikipiga kodi isiyo yake anakunja uso hata kabla hajajua amekunja. Tayari ana nyimbo mia ngapi sijui kichwani, anajua kiitikio kinaingia wapi, anajua pumzi inakatwa wapi. Nusu ya kazi ameifanya maisha yake yote bila kulipa ada. Kilichobaki ni mkono, na mkono unafundishika.

Kwa hiyo mkipiga mkasikia kibaya, mjue sikio linafanya kazi. Siku ambayo unapiga vibaya na unaona sawa tu, hiyo ndiyo siku ya kuja kuniona.

Halafu kuna aibu, nayo inakaa jirani na hilo. Nina baba mmoja, mwanafunzi wangu, mtu mkubwa kazini kwake, anasikilizwa akiongea, na alikuwa anafanya mazoezi ya kinanda pale tu watu wote wametoka nyumbani. Wakirudi anafunika. Sasa nyumba ina watu wengi, wanatoka saa ngapi wote? Ikawa wiki inapita hajagusa. Nikamuuliza baba, unaogopa nini? Akasema watoto watanicheka.

Nikamsimulia habari ya Socrates, na nyie nawasimulia. Socrates huyu wa Ugiriki, mwanafalsafa mnayemsikia, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Mwanafunzi wake Plato ameandika kwamba Socrates ukubwani alikuwa anakwenda kwa mwalimu mmoja anaitwa Connus kujifunza kupiga kinubi, na darasani alikuwa anakaa na watoto. Mnajua watoto walifanya nini? Walimcheka. Walimcheka yeye, na mwalimu wake wakamtungia jina, mwalimu wa wazee. Na Socrates akawa anasema wazi mbele za watu kwamba anachekwa, na anaendelea kwenda. Kilichomtia wasiwasi ni walimu wake wasije wakaaibika kwa ajili yake.

Mtu mwenye akili kama ile, mji mzima unamjua, anakaa benchi moja na watoto, anachekwa, na kesho anarudi. Sasa wewe na mimi ni nani?

Yule baba siku hizi anapiga watu wakiwemo. Aliniambia walicheka siku mbili tatu wakazoea, ya nne mtoto wake mdogo akaja kukaa pembeni akauliza hii ya kushoto inafanya nini. Ndiyo hivyo tu. Kicheko cha nyumbani kina maisha mafupi sana.

Haya, mkono. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoteza muda wao, na muda ndio tulionao mchache.

Kuna mzee mmoja alikuwa anafanya mazoezi Jumamosi, saa tatu mfululizo, anatoka jasho, mgongo unamuuma, Jumatatu mpaka Ijumaa hagusi. Kila Jumamosi anaanza pale pale. Akawa anasema kichwa changu kibovu. Kichwa si kibovu mzee wangu, ratiba ndiyo mbovu. Nikamwomba afanye dakika kumi na tano tu kila siku, na nikamkatalia kuzidisha. Akaona kama namdharau. Haikuchukua muda wimbo uliomshinda tangu aanze ukatoka.

Kwa nini? Kwa sababu mkono unajifunza pia wakati umelala. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake Marekani waliwapa watu kazi ya kubonyeza vitufe kwa vidole vya mkono wa kushoto kwa mpangilio, nne moja tatu mbili nne, nne moja tatu mbili nne, haraka wawezavyo, yaani karibu kabisa na kupiga kinanda. Waliolala usiku wakarudi asubuhi wakakutwa wana kasi zaidi kwa asilimia kama 20, na hawajagusa kitu. Waliopimwa tena baada ya kushinda macho mchana saa zile zile hawakuonyesha kitu cha maana. Sasa piga hesabu yako, ukifanya mazoezi mara moja kwa wiki umeupa mkono usiku mmoja wa maana, ukifanya kila siku umeupa usiku saba. Haba na haba hujaza kibaba, wazee wetu waliliona hili bila maabara.

Lingine ni taratibu. Taratibu kuliko unavyodhani. Nichukue mfano mmoja tuuangalie kwa karibu, vidole kwa vidole, hata kama hupigi gita nifuate tu.

Gita ina nyuzi sita, tunahesabu kutoka ule mwembamba, wa kwanza, mpaka ule mnene, wa sita. Vile vyuma vilivyolala shingoni vinagawa vyumba, chumba cha kwanza ndicho cha mwisho kabisa kule kwenye kichwa cha gita. Kuna kodi inaitwa A maina. Kidole cha shahada kinakaa uzi wa pili chumba cha kwanza, cha kati uzi wa nne chumba cha pili, cha pete uzi wa tatu chumba cha pili. Kodi inayofuata ni C. Mwanafunzi mgeni akitoka A maina kwenda C anafanya nini? Anainua mkono wote! Vidole vyote vinaruka hewani, halafu anatafuta upya kimoja kimoja kama hajawahi kufika, na wimbo umeshampita. Sasa angalia vizuri. Cha shahada kwenye C kinakaa wapi? Uzi wa pili chumba cha kwanza, pale pale. Cha kati? Uzi wa nne chumba cha pili, pale pale. Kinachohama ni cha pete peke yake, kinatoka uzi wa tatu kinakwenda uzi wa tano chumba cha tatu. Kidole kimoja! Safari nzima ni ya kidole kimoja.

Sasa usipige wimbo. Kaa na hicho kidole. Kitoe, kipeleke, kirudishe, viwili vingine vimetulia havijainuka, polepole mpaka uone kama ujinga, huku ukiangalia kwamba ncha ya kidole inaangukia karibu kabisa na kile chuma cha mbele, kwa sababu ukibonyeza katikati ya chumba unatumia nguvu nyingi na uzi unakoroma. Karibu na chuma nguvu inayotakiwa ni ndogo, sauti inatoka safi. Kuna watu wameumia vidole miezi mizima na walichohitaji ni kusogea mbele kidogo tu.

Na hapo ndipo mtu mzima anamshinda mtoto, sikilizeni! Mtoto ukimwambia angalia vidole viwili havihami, anakuangalia tu, anataka kupiga. Wewe ukielezwa sababu unaishika na unaitumia kwenye kodi nyingine mwenyewe. Unaweza kukaa dakika kumi na kidole kimoja bila kulia, maana maisha yameshakufundisha kukaa na kitu kigumu.

Ila msikae na kitu kimoja dakika zote. Watafiti wawili, Shea na Morgan, mwaka 1979 walionyesha jambo ambalo mimi naliona kila wiki. Ukirudia kitu kile kile mfululizo unajiona umekiweza haraka, ukichanganya changanya unajiona unakosea, lakini baadaye ukipimwa, aliyechanganya ndiye aliyebaki nacho. Kwa hiyo kodi kidogo, kiitikio kidogo, rudi kwenye kodi, sikiliza wimbo. Itaonekana kama huendi. Unakwenda.

Na kuna mama mmoja, nesi mstaafu, huyu nampenda kwa bidii yake, alikuwa na ugonjwa mmoja. Akikosea noti anasimama. Anarudi mwanzo. Anakosea pale pale, anasimama, anarudi mwanzo. Akawa anajua mistari miwili ya kwanza kama malaika na wimbo wote uliobaki haujui, na zaidi ya hapo alikuwa amejifunza kusimama, maana unachokirudia ndicho unachojifunza, hata kama ni kusimama. Nikamwambia mama, kuanzia leo ukikosea endelea. Mdundo usife. Noti mbaya inasikika sekunde moja imepita, mdundo ukifa kila mtu anajua. Ilimtesa sana, mtu aliyefanya kazi wodini maisha yake yote kuacha kosa lipite si mchezo, lakini ilikuwa ndiyo dawa yake. Halafu pale palipoharibika unapafanyia kazi pembeni peke yake, noti nne tano tu, wala usianze mwanzo.

Na vidole vyenyewe? Najua mmekaa mnasubiri hilo. Vidole vimekakamaa, vidole vifupi, vidole vinene. Nawaambieni habari ya Django Reinhardt. Alizaliwa 1910 Ubelgiji, akakulia kwenye magari ya kukokotwa karibu na Paris, kijana akiwa mpigaji hodari tayari. Mwaka 1928, ana miaka 18, gari walilokuwa wanaishi likashika moto. Mkono wa kushoto ukaungua, kidole cha pete na kile kidogo vikajikunja havikufanya kazi vizuri tena. Mpiga gita, mkono wa kushoto! Akaanza upya. Zile nyimbo za haraka akatafuta njia ya kuzipiga kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, vile vilivyojikunja akavitumia kidogo kwenye kodi. Miaka sita baadaye yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli wako kwenye bendi yao Paris, na mpaka leo wapiga gita wenye vidole vyote vizima wanajaribu kumfikia.

Simsemi huyu ili mtu ajione mvivu. Namsema kwa sababu alibadilisha njia. Na nyie mna ruhusa ya kubadilisha njia. Gita la nyuzi za chuma linakuumiza? Kuna la nyuzi za nailoni, laini zaidi. Kuna nyuzi nyembamba. Kuna fundi wa kushusha nyuzi zikaribie shingo, hicho kitu peke yake kinaokoa watu wengi. Kuna ukulele, nyuzi nne, mkono mdogo unatosha. Kuna kinanda, ambacho noti imeshatengenezwa inakusubiri, wewe bonyeza tu, wakati fidla haina hata alama kwenye shingo, unatafuta noti mwenyewe kwa sikio, na lile sikio lako la miaka hamsini litakutesa mno mwaka wa kwanza. Fidla ni nzuri, sikatazi mtu, ila uiingie ukijua.

Na tofautisheni maumivu na maumivu, naomba hapa mniangalie. Ncha za vidole kuwaka kwenye gita wiki za mwanzo ni kawaida, ngozi inakomaa inapona. Lakini kiganja kufa ganzi, kifundo kuuma, maumivu yanapanda mkononi, hapo unaacha siku hiyo hiyo na unamwonyesha mwalimu unavyokaa, na ikiendelea unamwona daktari. Msijikaze kwenye hilo. Mishipa yetu haiponi haraka kama ya vijana, huo ni ukweli wa umri na tuuheshimu.

La mwisho, pigeni na watu. Hili naliamini kuliko yote. Mwaka 1991 kule Rochester, Marekani, profesa wa muziki Roy Ernst wa Eastman School of Music alianzisha bendi ya watu wazima, wastaafu, na wengi wao hawajawahi kushika chombo. Wakapewa tarumbeta, filimbi, saksafoni, na wakaanza kupiga pamoja wakiwa bado hawajui. Hapo ndipo penye akili, bado hawajui, pamoja. Jambo hilo likaenea, bendi kama hizo zikaanzishwa sehemu nyingine nyingi, na zipo mpaka leo.

Kwa nini lilifanya kazi? Nyumbani uko peke yako na lile sikio. Kwenye kundi noti yako moja ndogo, ile ambayo nyumbani inasikika kama mlango, inaingia katikati ya noti za wenzako na ghafla imekuwa sehemu ya kitu kizuri, na sikio linanyamaza linasikiliza. Nina wanafunzi wanne hapa hapa, mnajijua, kila mmoja anajua kodi tatu tu, na Alhamisi wanakutana wanapiga nyimbo za ujana wao, mmoja anaimba. Kodi tatu tu, na nyimbo zinazopigika kwa kodi tatu hamtazimaliza. Wale hawaachi. Nimeona watu wa peke yao, wana vipaji kuwazidi, wameacha, wale wanne wapo. Kwa hiyo usisubiri ujue ndipo uende kwa watu. Nenda hujui.

Kabla sijashuka, mzee mmoja ameniletea karatasi na swali lake nimeona nilijibu mbele ya wote. Anauliza, ni muda gani mpaka niweze? Mzee wangu, kuweza nini? Wimbo mmoja rahisi wa kuwaimbisha watu nyumbani, ukifanya kila siku hizo dakika kumi na tano, ni miezi michache. Kukaa na wenzako ukafuata nyimbo usizozizoea, hesabu mwaka au miwili. Kupiga kama yule unayemsikia kichwani, hiyo hata yule unayemsikia kichwani bado anaifanyia mazoezi. Nakuomba leo usiku ukifika nyumbani chagua wimbo mmoja, unaoujua mpaka pumzi zake, Jumatatu uje nao tutafute noti ya kwanza ni ipi. Na gita zile sita pale pembeni zimeshatuniwa, vinanda viwili vimewashwa, mwenye kutaka kushika ashike sasa hivi, wanne wa Alhamisi nyanyukeni muwasaidie.